Sikukuu za Ugiriki, Januari hadi Desemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaokuja Ugiriki kusoma, kufanya kazi melini, kutalii au kumtembelea ndugu. Kabla ya yote, shika jambo moja: mwaka wa Mgiriki unazunguka Pasaka, si Krismasi. Ukishajua Pasaka inaangukia lini, umejua pia Kanivali ni lini, Kwaresima inaanza lini, duka gani litafungwa, na kwa nini wiki fulani mwenyeji wako anakupikia dengu na pweza bila kipande cha nyama mezani.

Kwa nini Pasaka ya Wagiriki mara nyingi haiendi pamoja na ya Wakatoliki na Waprotestanti?

Kanuni ni ile ile, na inatokana na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira ya machipuko. Kinachotofautiana ni kalenda. Kwa kukokotoa Pasaka, Waorthodoksi wamebaki na kalenda ya Julian, ambayo siku hizi iko nyuma kwa siku 13, pamoja na majedwali ya kale ya mwezi. Ndiyo maana mwaka 2025 wote waliadhimisha tarehe 20 Aprili, mwaka 2026 Wagiriki wako tarehe 12 Aprili, wiki moja baada ya wenzao, na mwaka 2027 pengo linapanuka hasa: 28 Machi kwa Magharibi, 2 Mei kwa Wagiriki. Mwaka 2028 wanakutana tena, tarehe 16 Aprili.

Sikukuu zenye tarehe isiyobadilika hazina shida hiyo. Serikali ya Ugiriki ilihamia kalenda mpya mwaka 1923, na Kanisa likafuata mwaka 1924. Kwa hiyo Krismasi ya Wagiriki ni 25 Desemba kama ya kwetu. Anayekwambia Waorthodoksi wote husherehekea 7 Januari anawafikiria Warusi na Waethiopia.

Ni siku zipi ambazo benki na ofisi hufungwa nchi nzima?

Tarehe 1 na 6 Januari, Jumatatu Safi, 25 Machi, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, Jumatatu ya Pentekoste, 15 Agosti, 28 Oktoba, 25 na 26 Desemba. Jumamosi Kuu si sikukuu ya kisheria, lakini usitegemee kupata huduma baada ya saa tisa alasiri. Kila mji una pia mtakatifu msimamizi wake na siku yake ya kufunga. Thessaloniki, kwa mfano, inasimama tarehe 26 Oktoba kwa ajili ya Mtakatifu Dimitri, na siku hiyo inakumbuka pia jinsi jeshi la Ugiriki lilivyoingia mjini mwaka 1912.

Kwa nini wanatia sarafu ndani ya keki ya Mwaka Mpya?

Keki hiyo inaitwa vasilopita, ya Mtakatifu Basili, ambaye sikukuu yake ni 1 Januari. Yeye ndiye anayewaletea watoto wa Kigiriki zawadi, na huja usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, si usiku wa Krismasi. Baba au mama mwenye nyumba huchora msalaba juu ya keki kwa kisu, kisha hukata: kipande cha Kristo, cha Bikira Maria, cha nyumba, mara nyingi na cha maskini, ndipo wafuate watu wa nyumbani kuanzia mkubwa hadi mdogo. Aliye safarini hukatiwa chake. Kila mtu hupekua kipande chake kwa uma akiwa kimya, na atakayeipata sarafu huhesabiwa kuwa na bahati mwaka mzima.

Ofisi, vyama na timu za mpira huendelea kukata vasilopita zao Januari yote hadi Februari, kwa hiyo ukiajiriwa hapa jiandae kula keki mara nyingi. Nyumba nyingi pia hupasua komamanga mlangoni mwaka unapoingia, na kadiri punje zinavyotapakaa ndivyo baraka zinavyotarajiwa kuwa nyingi. Mtu wa kwanza kukanyaga ndani huchaguliwa kwa makini. Mara nyingi ni mtoto, kwa kuwa moyo wake ni safi.

Ile picha ya vijana wanaojitupa baharini wakati wa baridi ni ya nini?

Ni Theofania, tarehe 6 Januari, kumbukumbu ya ubatizo wa Yesu mtoni Yordani. Padri au askofu hubariki maji kisha huutupa msalaba baharini, ziwani au mtoni, na waogeleaji hushindana kuuokota. Anayeupata hubarikiwa na kushangiliwa na mji mzima. Piraeus ndiko huonyeshwa zaidi kwenye televisheni, ila sherehe ya bandari ndogo ina utamu wake, maana huko kila mtu anamjua aliyepiga mbizi. Wagiriki wa Tarpon Springs, Florida, waliotokana na wazamiaji wa sponji, wanaendeleza desturi hiyo hiyo Marekani.

Wazee husema kwamba maji hayo yakishabarikiwa, kalikantzari hukimbia. Hao ni vibwengo wanaopanda kutoka chini ya ardhi wakati wa Krismasi na kusumbua watu kwa siku 12: wanamwaga unga, wanazima moto, wanachungulia kwenye bomba la moshi.

Kanivali ya Kigiriki iko wapi, na inachukua muda gani?

Kwa hesabu ya Kanisa ni wiki tatu kabla ya Kwaresima. Patras, mji wa bandari upande wa magharibi, huanza mapema zaidi, tarehe 17 Januari, na humalizia kwa maandamano makubwa ya magari yaliyopambwa na kuchomwa kwa sanamu ya mfalme wa Kanivali. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote nchini.

Kwangu mimi, ya kisiwa cha Skyros inaishinda. Huko wanaume hujivika ngozi ya mbuzi usoni na koti zito la manyoya, kisha hujifunga kiunoni kengele za mifugo zenye uzito wa makumi ya kilo. Hutembea kwa mwendo wa kuruka unaozifanya kengele zote zilie kwa pamoja, wakipanda vichochoro vya mawe hadi jasho linawatiririka. Kengele unazisikia muda mrefu kabla hujamwona mtu. Naoussa, kaskazini, nako kuna wachezaji wenye vinyago vyeupe na vifua vilivyojaa sarafu za fedha, na zamu ya kucheza inaheshimiwa sana na familia za mji.

Katikati ya Kanivali kuna Alhamisi ya Tsiknopempti, siku 11 kabla ya Jumatatu Safi. Siku hiyo nyama huchomwa kila mahali, hadi nje ya maduka na ofisi, na mtaa mzima unanukia moshi wa mafuta. Ni kuaga nyama kabla ya mfungo.

Jumatatu Safi ni siku ya mfungo, mbona watu wanakula sana?

Wanakula sana, lakini si nyama, mayai wala maziwa. Jumatatu Safi inafungua Kwaresima, siku 48 kabla ya Pasaka, na mwaka 2026 iliangukia 23 Februari. Kwa kanuni ya mfungo, viumbe wa baharini wasio na damu wanaruhusiwa: pweza, ngisi, kamba, kome. Pembeni kuna lagana, mkate bapa wenye ufuta unaookwa kwa wingi siku hiyo, tarama ya mayai ya samaki, zeituni, maharage, na halua. Halua hiyo inatengenezwa kwa ufuta uliosagwa, ni kavu na humeguka, kwa hiyo aliyezoea halua laini ya Zanzibar au Muscat asishangae.

Baada ya chakula watu hupanda vilimani kurusha tiara. Athens wanajazana kilima cha Filopappou, na anga yote inakuwa ya rangi. Mji wa Galaxidi una lake: siku hiyo wakazi hurushiana unga uliotiwa rangi hadi nyumba za ufukweni hazitambuliki. Wenye nyumba huzifunika kwa plastiki mapema.

Tarehe 25 Machi ni ya kidini au ya kitaifa?

Zote mbili kwa pamoja, na ndiyo nguvu yake. Kanisa linaadhimisha Kupashwa Habari kwa Bikira Maria. Taifa linaadhimisha mwanzo wa mapinduzi ya mwaka 1821 dhidi ya utawala wa Waturuki wa Osmani, na tangu 1838 tarehe hii ndiyo sikukuu rasmi ya uhuru. Kuna gwaride la jeshi mbele ya Bunge huko Athens, na kila mji una gwaride la wanafunzi.

Kwa kuwa siku hii huangukia ndani ya Kwaresima, Kanisa huruhusu samaki. Kila nyumba basi hupika bakaliaros, samaki wa bahari ya kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi kama ng'onda, huloweshwa usiku kucha, akakaangwa kwa unga na kuliwa na skordalia, rojo la vitunguu saumu vingi lenye viazi au mkate. Ukipanda basi jioni hiyo utajua nani amekula.

Wiki Kuu huendaje, siku hadi siku?

Hapa usiwe na haraka.

Alhamisi Kuu asubuhi akina mama huchemsha mayai kwa rangi nyekundu na kuoka tsoureki, mkate mtamu uliosukwa unaonukia viungo. Jioni kanisani husomwa Injili 12 za mateso, na msalaba hutolewa huku taa zimezimwa. Usiku huo wanawake hubaki kanisani wakipamba Epitafio, jeneza la mbao la Kristo, kwa maua. Wengi wao walijifunza kazi hiyo wakiwa wasichana, wamekaa karibu na bibi zao.

Ijumaa Kuu kengele hulia taratibu siku nzima na bendera hupepea nusu mlingoti. Mapema usiku kila parokia hulitoa Epitafio barabarani, na watu hufuata nyuma na mishumaa ya rangi ya kahawia wakiimba maombolezo. Penye parokia nyingi, maandamano yanaweza kukutana njia panda. Hata wasioingia kanisani mwaka mzima hutoka nje ya milango yao au kusimama kwenye roshani. Kama unataka kuwaelewa Wagiriki, nenda siku hii kabla ya nyingine yoyote.

Jumamosi Kuu, saa tano asubuhi, wakazi wa mji wa Corfu hurusha mitungi ya udongo iliyojaa maji kutoka madirishani, baadhi mikubwa kiasi cha kuhitaji watu wawili kuiinua. Barabara hufunikwa na vigae, na watu huokota kimoja kwa bahati njema. Jioni Moto Mtakatifu huletwa kwa ndege kutoka Yerusalemu na kupokelewa Athens kwa heshima anayopewa mkuu wa nchi, kisha husambazwa nchi nzima.

Karibu na saa sita usiku kanisa hufanywa giza kabisa. Padri hutokea na mshumaa mmoja, na moto hupitishwa kutoka mkono hadi mkono hadi uwanja wote nje unawaka. Saa sita inapogonga huimbwa «Khristos Anesti», Kristo amefufuka, na papo hapo fataki hulipuka, kengele hupigwa, meli bandarini hupiga honi. Watoto hushika mishumaa iliyopambwa kwa utepe na vidude vya kuchezea, waliyopewa na baba au mama wa ubatizo. Kazi inayofuata ni kuufikisha moto nyumbani bila kuzimika: watu huukinga kwa kiganja, huendesha gari polepole, na akifika mtu huchora msalaba wa masizi juu ya kizingiti cha mlango. Ukitazama juu unapoingia nyumba ya Mgiriki, utaona misalaba ya miaka iliyopita imepandana.

Mfungo hufunguliwa usiku huo kwa magiritsa, supu ya matumbo ya mwanakondoo yenye shibiti, mayai na ndimu. Kisha kila mtu hushika yai lake jekundu na kuligonga na la jirani. Lisilovunjika lina bahati.

Jumapili ni ya nje. Mwanakondoo mzima hubanikwa kwenye chuma kirefu kinachozungushwa juu ya makaa tangu asubuhi, na pembeni yake kokoretsi: maini, moyo na mapafu yaliyofungwa kwa utumbo. Mgeni hupewa zamu ya kuzungusha, naye asikatae.

Je, ni kweli kuna kijiji kinachopigana kwa roketi usiku wa Pasaka?

Ni Vrontados, kisiwani Chios. Parokia mbili, ya Mtakatifu Marko na ya Panagia Erithiani, zilizoea kurushiana roketi maelfu kwa maelfu, kila upande ukilenga mnara wa kengele wa mwenzake. Malalamiko na masharti ya usalama yameupunguza sana mchezo huu, na kuna mwaka umewahi kusitishwa. Ulizia kabla ya kukata tiketi ya meli.

Mimi ni Mwislamu na nimealikwa Pasaka. Niende?

Nenda, na mweleze mwenyeji mapema usichokula. Nyama ya Pasaka ni mwanakondoo, lakini haichinjwi kihalali isipokuwa imenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu, na divai huwa mezani. Msimu rahisi kwako ni Kwaresima yenyewe: vyakula vya mfungo havina nyama, na hata migahawa ya kawaida huvitenga kwenye orodha. Nguruwe mchunge Tsiknopempti na Krismasi.

Waislamu si wageni nchini. Thrace ya Magharibi ina jamii ya Waislamu wenyeji walioachwa mahali pao wakati wa mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1923, na Idi yao husherehekewa wazi Xanthi na Komotini. Athens ina msikiti wa serikali mtaa wa Votanikos, uliofunguliwa mwaka 2020.

Kuna nini mwezi Mei?

Tarehe 1 Mei ni siku ya wafanyakazi na siku ya maua: familia huenda mashambani, husuka shada na kulitundika mlangoni, ambako hukaukia hadi mioto ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni. Tarehe 21 Mei, siku ya Watakatifu Konstantino na Elena, katika kijiji cha Agia Eleni huko Serres na Langadas karibu na Thessaloniki, hufanyika Anastenaria. Waumini hucheza kwa ngoma na zeze la Thrace wakiwa na ikoni, yaani picha takatifu, mikononi, kisha huvuka makaa ya moto kwa miguu mitupu. Desturi hii ililetwa na wakimbizi kutoka kijiji cha Kosti, ambacho leo kiko Bulgaria. Kanisa rasmi haliikubali.

Kwa nini katikati ya Agosti Athens huwa tupu?

Kwa sababu kila mtu amerudi kwao. Tarehe 15 Agosti ni Kulala kwa Mama wa Mungu, baada ya mfungo wa wiki mbili, na vijiji ambavyo wakati wa baridi vina wazee wachache hujaa wajukuu kutoka Athens, Ujerumani na Australia.

Kitovu cha ibada ni kisiwa cha Tinos, kwenye ikoni ya Bikira Maria iliyochimbuliwa ardhini mwaka 1823 baada ya njozi za mtawa Pelagia. Kutoka bandarini hadi kanisani kuna barabara ndefu ya kupanda, na kando yake limetandikwa zulia kwa ajili ya wanaokwenda kwa magoti. Utaona mama akitambaa na picha ya mtoto wake mgongoni, viwiko vimefungwa vitambaa, na binti yake akitembea taratibu pembeni na chupa ya maji. Hakuna anayemshangaa. Usimpige picha.

Jioni ni za panigiri, sherehe ya kijiji: meza ndefu uwanjani, nyama ya mbuzi, divai, fidla na dansi ya duara hadi alfajiri. Za kisiwa cha Ikaria zina sifa kubwa, na mapato yake kwa kawaida huingia kwenye mahitaji ya kijiji, barabara au shule. Mgeni huingia kwenye duara bila kuitwa. Shika mkono wa mtu wa mwisho, usikate katikati.

Rafiki yangu Giorgos hajali siku yake ya kuzaliwa. Nimpongeze lini?

Siku ya somo wake. Kwa watu wengi, hasa wakubwa, sikukuu ya mtakatifu wa jina ina uzito kuliko siku ya kuzaliwa, na haihitaji mwaliko: unapiga simu, au unapita na kisanduku cha keki, na mwenye jina ndiye anayewalipia wengine. Giorgos ni 23 Aprili, lakini tarehe hiyo ikiwa ndani ya Kwaresima huhamia Jumatatu ya Pasaka. Dimitri ni 26 Oktoba, Nikolaos 6 Desemba, na Maria wengi ni 15 Agosti. Useme «Hronia pola», miaka mingi. Maneno hayo yanafaa karibu kila sikukuu.

Kwa nini Wagiriki wanasherehekea siku vita ilipoanza?

Alfajiri ya 28 Oktoba 1940 balozi wa Italia Grazzi alimpelekea waziri mkuu wa Ugiriki, Ioannis Metaxas, madai ya Mussolini ya kuachia majeshi yake yaingie nchini. Metaxas alikataa, na siku hiyo inaitwa Siku ya Ohi, yaani Hapana. Metaxas mwenyewe alikuwa dikteta, na Wagiriki hawalisahau hilo, ila wanaona kukataa kule kulikuwa kwa watu wote waliopanda milima ya Epirus wakati wa baridi. Miezi michache kabla, tarehe 15 Agosti, nyambizi ya Italia ilikuwa imeizamisha manowari Elli pale Tinos, katikati ya mahujaji. Mwisho wa vita haukuleta furaha ya pamoja, maana ulifuatwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana wakachagua siku waliyokuwa kitu kimoja.

Tarehe 17 Novemba ni kumbukumbu, si sherehe: mwaka 1973 kifaru kilivunja lango la chuo cha Polytechnio huko Athens dhidi ya wanafunzi waliopinga utawala wa kijeshi. Shule hufanya maadhimisho na watu huweka maua langoni.

Na Krismasi?

Ni tulivu. Tarehe 24 asubuhi watoto hugonga milango na pembetatu za chuma wakiuliza «Tuimbe?», na hupewa pesa. Mezani kuna mkate wa Kristo wenye msalaba juu, melomakarona za asali na kourabiedes zilizofunikwa sukari. Visiwani bado hupambwa mashua badala ya mti, au vyote viwili.

Je, sikukuu hizi ni za miungu ya kale zilizobadilishwa majina?

Hilo husemwa kirahisi mno. Athens ya kale ilikuwa na Panathinaia na Dionisia, na tamthilia za huzuni zilizaliwa kwenye Dionisia. Ibada hizo zilipigwa marufuku mwishoni mwa karne ya 4, chini ya Kaisari Theodosius. Kengele, ngozi za mbuzi na vinyago vinaweza kuwa vya zamani sana, lakini wanaovivaa Skyros leo ni Wakristo wanaouaga mwaka wa nyama kabla ya Kwaresima, na inafaa kuanzia hapo.

Afrika Mashariki kuna wanaofuata kalenda hii?

Wapo, na si wachache. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini ya Upatriarka wa Aleksandria na Afrika Yote, na huadhimisha Pasaka siku moja na Wagiriki, wakisalimiana «Kristo amefufuka», «Kweli amefufuka». Nairobi ina seminari yao eneo la Riruta. Tanzania ilikuwa na walowezi wa Kigiriki waliolima mkonge na kahawa, na Lubumbashi jamii ya Wagiriki ina historia ndefu. Ukiwa karibu na parokia hizo, huhitaji visa kuona usiku wa mishumaa.

Nina wiki moja tu. Nije lini?

Wiki Kuu, na uende kijijini au kisiwani badala ya Athens. Corfu ina shamrashamra zaidi, lakini vyumba huisha miezi kabla. Kisiwa kidogo chenye parokia moja kitakupa nafasi ya kushika mshumaa na watu watakaokualika mezani kesho yake. Kata tiketi ya meli mapema, njoo na viatu vya kutembelea mawe na sweta la usiku, na Jumamosi hiyo nunua mshumaa mweupe mlangoni pa kanisa kabla ya saa tano usiku, kwa sababu baadaye hutaweza kupenya.